Hadithi ya Kumi

Katika ile ofisi ya ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wenzake walimwita Bi Maswali, na mitaani pia likashika hilohilo. Kazi yake kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kubisha hodi kwenye nyumba za watu na kuuliza. Mnalala wangapi chumba hiki? Maji mnachota wapi? Nani anaamua mtoto aende shule? Mara ya mwisho kupigwa ilikuwa lini? Aliuliza yote kwa sauti ileile ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, na pengine ndiyo maana watu walimjibu. Mashirika yalikuja na kuondoka, yakabadilisha nembo na rangi za fulana, yeye akabaki na viatu vyake vya kisigino kifupi na mkoba wa ngozi uliokatika mkanda na kushonwa mara tatu. Dada yake, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiishi naye, hakuchoka kumtania: "Siku ya kiyama wewe utamshika malaika umuulize kwao wako wangapi."

Aliipenda kazi ile, ila miaka ya karibuni ilikuwa imegeuka sura. Zamani walitakiwa kuleta hesabu: kaya ngapi, visima vingapi, watoto wangapi. Sasa walitakiwa kuleta hadithi. "Mama, wafadhili wamechoka na takwimu tupu," mkurugenzi alimweleza siku moja. "Wanataka uso. Mtu mmoja, machozi kidogo, halafu tabasamu." Mkurugenzi huyo alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano, na ni Bi Maswali aliyemfundisha kazi alipokuja na cheti chake kipya, asijue hata kukaa kwenye kigoda bila kushika ukuta. Alimwita mama, na kwa dhati. Lakini mwenye kuamua alikuwa yeye.

Asubuhi ile Bi Maswali alikuwa anapanga madodoso kwenye mafaili simu ilipoita. Aliyepiga alikuwa fundi cherehani.

Fundi cherehani huyu alikuwa amekimbilia mji huu miaka minne iliyopita na binti yake mdogo mgongoni, mkono mmoja umefungwa kitambaa kwa sababu mumewe alikuwa ameuvunja. Shirika lilimtafutia chumba, likamnunulia cherehani, na baada ya mwaka Bi Maswali akaenda kuandika habari zake. Tangu hapo walizoeana. Nguo za Bi Maswali zote zilipunguzwa kiuno na kuongezwa kiuno na mkono ule ule uliovunjwa.

"Mama," fundi alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama inapita kwenye tundu la sindano. "Mteja wangu kaja ananicheka. Ananiambia nimekuwa nyota. Picha yangu iko barabarani."

"Barabarani wapi?"

"Kwenye ukumbi, pale mnapofanyia mikutano. Anasema imejaa ukuta mzima." Alivuta pumzi. "Na mdogo wangu amenipigia sasa hivi kutoka nyumbani. Anasema hata kwenye simu, kwenye ukurasa wenu, mmeiweka, wiki mbili sasa. Yule mwanamume ameiona. Alikuwa anaonyesha watu. Jana asubuhi kapanda basi, ana begi."

Kutoka kwao hadi mji huu ni safari ya siku nzima na usiku wake. Bi Maswali alitazama saa ya ukutani. Saa nne kasorobo.

"Funga kazi," alisema. "Usipite barabara kubwa. Nenda kwa wakili wetu, kaa pale pale ndani, usitoke hata kununua maji. Mimi nakuja."

Alishuka ngazi mbili mbili, mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye magoti mabovu, akamkuta dereva wa ofisi anafuta vioo. Dereva huyu alikuwa mzee wa utani ambaye hakuna safari aliyowahi kuianza bila kulalamika. Safari hii alimtazama usoni mara moja tu, akatupa kitambaa ndani ya ndoo na kuwasha gari.

Bango lilikuwa limetundikwa mbele ya ukumbi kwa kamba za manila, limetoka kwenye paa hadi karibu na ardhi. Uso wa fundi ulikuwa mkubwa kuliko mlango. Alikuwa anatabasamu, mkono juu ya cherehani, na chini yake maandishi: NILIVUNJWA, SASA NIMESIMAMA. Mkurugenzi alikuwa pale, mikono ya shati ameikunja, anawaelekeza vijana wa viti. Wageni wa nje walikuwa wanatua saa nane, na mkutano ulikuwa kesho yake.

Bi Maswali alisimama chini ya bango akainua kichwa. Hakutazama uso. Picha ile aliipiga mwenyewe, uso aliujua. Alitazama nyuma yake, ukutani, pale ambapo siku ile hakuona chochote cha maana. Kwenye msumari ilikuwa imening'inia sweta ndogo ya kijani yenye mstari wa njano, na kifuani nembo ya shule. Kwa ukubwa ule, jina la shule lilisomeka kama kibao cha duka.

Binti wa fundi alikuwa bado anasoma shule hiyo.

"Mama, umeionaje?" mkurugenzi alimjia akiwa amechangamka. "Si imetoka vizuri?"

"Ishushe. Na kwenye simu uitoe sasa hivi. Mumewe ameiona, yuko njiani, au ameshafika."

Uso wa mkurugenzi ulibadilika, lakini si sana. Alikuwa na wageni kumi na wanne, ukumbi, wapishi, na hotuba aliyoiandika mara nne. "Tuiangalie kwa utulivu," alisema. "Ridhaa si ipo? Mimi sikuichapisha kienyeji. Nilifungua faili, nikaikuta fomu, tiki zote mbili zimewekwa. Ya matumizi ya ndani na ya hadharani. Uliichukua wewe mwenyewe, mama."

Hapo ndipo lilipokuwa lile jambo ambalo Bi Maswali alikuwa amelizungusha moyoni miaka mitatu bila kuligusa. Fundi siku ile alichukua kalamu, akasoma polepole kidole kikifuata mstari, akaweka tiki moja tu. Ya ndani. Kwa mafunzo ya wafanyakazi, basi. Ya pili aliiacha wazi. Bi Maswali alirudi ofisini Ijumaa jioni, hadithi kumi zikitakiwa kabla watu hawajafunga kompyuta, na yeye mkononi anazo tisa zenye tiki mbili. Alishika kalamu yake. Haikumchukua hata sekunde mbili. Alijiambia kwamba ni ripoti tu, itakwenda kulala kabatini kama ripoti nyingine zote.

"Ya pili niliiweka mimi," alisema.

"Unasemaje?"

"Fundi aliweka moja. Ile nyingine ni mkono wangu."

Kijana wa viti alikuwa anapita na viti vinne kichwani. Mkurugenzi alingoja apite. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hayo usiyaseme hapa. Tafadhali. Tutayaongea ofisini, wageni wakiondoka."

"Wageni wakiondoka mtoto atakuwa wapi? Tazama hiyo sweta!"

Aliitazama. Bi Maswali hakungoja kuona macho yake yanafanya nini. Alirudi kwenye gari, na nyuma yake akasikia mkurugenzi anamwita dereva, kwamba gari limepangiwa uwanja wa ndege. Dereva alitoa kichwa dirishani. "Bosi, hili gari lina matatizo," alisema kwa upole. "Likishaanza kwenda, halisimami." Akaliondoa.

Njiani Bi Maswali alimpigia fundi, fundi akampigia mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akakubali mtoto atolewe kwa mlango wa jikoni, upande wa nyuma. Dereva angezunguka. Bi Maswali angeshukia mbele, ahakikishe njia iko salama, halafu awafuate kwa miguu.

Njia haikuwa salama. Getini alikuwa amesimama mwanamume.

Alimjua kabla hajageuka. Binti alikuwa na mabega yale yale, yaliyopandishwa kidogo kama mtu anayesikia baridi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi ingawa ametoka safarini. Begi mgongoni, na mkononi mfuko wenye boksi la viatu vipya vya mtoto. Alikuwa anamwonyesha mlinzi simu yake, na mlinzi, mtu mnene mwenye kiti cha plastiki, alikuwa anakuna shingo.

"Mimi ni baba yake," mwanamume alikuwa anasema. "Unamzuia baba kumwona mwanawe?"

Bi Maswali aliingiza mkono kifuani, akavua kitambulisho cha kazi na kukitumbukiza ndani ya mkoba. Akatoa ubao wa kuandikia, dodoso tupu na kalamu. Kisha akamsogelea kama alivyowasogelea watu elfu kadhaa katika maisha yake.

"Habari za asubuhi, baba. Samahani nikupotezee dakika chache. Tunafanya utafiti kuhusu wazazi wa kiume na shule za watoto wao. Akina baba hatuwapati kabisa."

Mwanamume alimpima juu hadi chini. "Shikamoo mama," alisema. Alikuwa na adabu. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Marahaba. Una watoto wangapi?"

"Mmoja. Yuko humu ndani."

"Mara ya mwisho kumwona?"

"Miaka minne." Akacheka kicheko kikavu. "Andika hapo, miaka minne. Hakuna mtu ameniuliza mimi. Wote wanamuuliza yeye."

Akaongea. Bi Maswali alikuwa amesikia wanawake mia kadhaa wakieleza, lakini hajawahi kumsikia mwanamume upande wa pili akieleza akiwa wima juani, kwa hiari yake. Alieleza jinsi alivyorudi nyumbani akakuta chumba kitupu. Alieleza jinsi majirani walivyomcheka. Kuhusu mkono alisema, "Nilimgusa tu, akaangukia pabaya." Machozi yalimlengalenga, na Bi Maswali akajikuta, kwa aibu, anamwonea huruma kidogo. Aliandika kila neno. Nyuma ya ukuta wa shule alisikia mlango wa gari ukifungwa, au alidhani amesikia.

"Na ukimpata mama wa mtoto?"

"Nitamrudisha nyumbani."

"Na akikataa?"

Mwanamume aliitazama simu yake, ule uso unaotabasamu. "Akikataa," alisema kwa sauti ya mtu anayetaja idadi ya vyumba, "hatabaki na sura ya kupigia picha."

Kalamu ilisimama. Kisha ikaendelea. Aliandika sentensi ile yote, na saa, na tarehe.

Hapo gari likatokea kwenye kona. Dereva hakuwa na njia nyingine, uchochoro wa nyuma ya shule ulikuwa na mdomo mmoja tu. Alipita mbele yao polepole kama mtu anayetoka sokoni, macho mbele, na kwenye kiti cha nyuma hapakuonekana mtu. Lakini ubavuni mwa gari ilikuwepo nembo ya shirika, nyekundu, kubwa kama sinia. Mwanamume aliifuata kwa macho. Akaangalia simu. Kwenye pembe ya ile picha, nembo ni hiyo hiyo. Akainua macho, akamtazama Bi Maswali, ubao, kalamu.

"Wewe ni wao," alisema.

Aliikamata karatasi. Bi Maswali hakuiachia. Baadaye alishindwa kueleza kwa nini hakuiachia, maana mkono wa pili wa mwanamume ulikuwa umeshainuka. Karatasi ilichanika pembeni, yeye akayumba hadi kwenye nguzo ya geti, na mlinzi yule mnene, ambaye hadi wakati huo hakuwa ameonyesha kama ana haraka na jambo lolote duniani, akanyanyuka na kiti chake na kukiweka katikati yao, miguu ya kiti ikielekea kifua cha mwanamume.

"Baba, rudi nyuma," mlinzi alisema. "Hapa ni shule."

Walimu wawili walitoka mbio. Mwanamume alitazama huku na huku, akaokota boksi la viatu lililokuwa limeanguka, akalipangusa vumbi kwa uangalifu, akaondoka. Hakukimbia.

Wakati Bi Maswali anafika kwa wakili, binti alikuwa amekaa chini anachora kwenye karatasi za ofisi, na mama yake amekaa karibu naye mno, goti kwa goti. Dereva alikuwa mlangoni. Wakili aliichukua ile karatasi iliyochanika, akaisoma, akanyanyua simu kuita polisi.

Bi Maswali angeweza kunyamaza. Fundi alikuwa ameshamkumbatia, ameshamwambia Mungu akuzidishie, mama, usingewahi ningekuwa nalia sasa. Ilikuwa rahisi kupokea shukrani ile na kukaa nayo. Alimwomba dereva amchukue mtoto nje kwenye baraza.

"Ile fomu," alisema. "Uliweka tiki moja."

"Nakumbuka. Uliniambia niweke pale ninapotaka. Nikaweka moja."

"Ya pili niliiweka mimi. Nilipofika ofisini."

Fundi hakuelewa mara moja. Alikuwa bado na mkono juu ya mkono wa Bi Maswali. Kisha akauondoa, polepole, kama mtu anayetoa kidole kwenye sindano.

"Kwa nini?"

"Zilitakiwa hadithi kumi. Nilikuwa na tisa."

"Kwa hiyo mimi ni wa kumi."

Wakili aligeuza uso dirishani.

"Unajua," fundi alisema, na hakupandisha sauti, "kule nyumbani kila mtu aliniambia nivumilie. Mama mkwe, majirani, hata mama yangu mzazi. Wewe ndiye wa kwanza uliyeniuliza nataka nini, ukangoja nijibu. Mimi kwako nilijiona mtu." Akafuta uso kwa mgongo wa kiganja. "Sasa naomba ukae mbali na mimi. Kuja shuleni umefanya vizuri, sikatai. Lakini kaa mbali."

Bi Maswali akatoka barazani. Dereva alimpa chupa ya maji. Hakutania.

Polisi walimpata mwanamume kesho yake kwenye nyumba ya wageni karibu na kituo cha mabasi. Kusimama mbele ya geti la shule si kosa, alisema, na wenyewe walielekea kukubaliana naye, mpaka wakili alipoweka mezani ile karatasi yenye pembe iliyochanika, saa na tarehe, na mlinzi akaja kusema aliyasikia maneno kwa masikio yake. Mwanamume alihukumiwa miezi sita kwa vitisho na shambulio. Miezi sita hupita. Kabla haijapita, fundi na binti yake walikuwa wamehamia mji mwingine, wenye shule nyingine na sweta za rangi nyingine. Ni upi, Bi Maswali hakuambiwa.

Kuhusu bango, lilishushwa siku ile ile. Dereva aliporudi kufuata wageni alimkuta mkurugenzi mwenyewe juu ya ngazi, tai ameirusha begani, anakata kamba za manila kwa kisu cha jikoni. Picha ya kwenye simu nayo aliitoa. Lakini wageni walipouliza kwa nini ukuta uko mtupu, aliwaambia ni matatizo ya kiufundi, na hotuba yake kuhusu heshima ya wanufaika aliisoma yote, hakuruka hata mstari.

Bi Maswali hakuhudhuria. Alikaa nyumbani kwenye meza ya kulia akaandika barua kwa bodi. Dada yake aliisoma akiwa amevaa miwani, kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea, akasahihisha koma mbili. "Watakufukuza," alisema.

"Labda."

"Na hujafikisha umri wa pensheni."

"Najua umri wangu, dada."

Mwalimu alivua miwani. "Swali ni moja. Ni yeye peke yake uliyemwekea tiki?"

Hilo ndilo swali ambalo Bi Maswali alikuwa akilikwepa tangu pale barazani, na sasa ameulizwa na mtu anayekula naye meza moja. Alifikiri Ijumaa zote, miaka yote, fomu zote. Alijitahidi kweli. "Sikumbuki," alisema, na akaona kwamba hilo lilikuwa jibu baya kuliko ndiyo. Akachukua barua akaongeza sentensi moja.

Bodi haikumfukuza. Walimsimamisha miezi mitatu, wakamwondolea cheo, wakaandika mwongozo mpya wa kurasa ishirini na mbili. Aliporudi, hakuomba cheo. Aliomba faili. Ukiacha ya fundi, zilikuwa fomu sitini na tatu zenye tiki mbili na mkono wake chini. Mkurugenzi alimtazama kwa muda, pengine akimwona yule mwalimu wake wa kigoda, pengine akifikiria tu mafuta ya gari. "Jumamosi," alisema mwishowe. "Gari linakuwa na nafasi Jumamosi."

Kwa hiyo Jumamosi hadi Jumamosi yeye na dereva wanazunguka mitaani, dereva analalamika, yeye anabisha hodi. Anamwonyesha mtu karatasi yake na kumuuliza: hii tiki ni yako? Wengi wanasema ndiyo. Wengine hawakumbuki, naye anaikata hapo hapo mbele yao. Mama mmoja alisema hapana, akaichana fomu, akamfungia mlango. Muuza mkaa mmoja alisema si yake, lakini waiache, na picha waikuze zaidi, kwa sababu anatafuta mke. Dereva alicheka hadi akaegemea gari, na Bi Maswali naye, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Hadi sasa amewapata hamsini na nane. Wanne wanasemekana wamehama, na namba zao za simu anazo. Wa mwisho ni msichana aliyekuwa na miaka kumi na saba alipohojiwa, mfanyakazi wa ndani, aliyesimulia mambo ambayo Bi Maswali hakuweza kuyaandika yote siku moja. Nyumba alimokuwa akifanya kazi imevunjwa, pamejengwa ghala la saruji. Wapagazi wa ghala hawamjui. Muuza duka wa ng'ambo anadhani aliondoka na basi la asubuhi, mwaka juzi au mwaka mwingine nyuma yake, hana hakika. Picha yake imechapishwa mahali pawili. Bi Maswali ameshakwenda pale mara sita, na Jumamosi ijayo amemwomba dereva waanzie huko.